Tumeshinda Mpala

Mwezi wa pili nilirudisha filimbi ku biro ya prefe, ofisi ya mukuu wa masomo, hiyo shule yetu, nikatia sahihi ku karatasi, nikatoka. Prefe alitaka niseme maneno mbele ya walimu wote. Nilikataa, maana nilijua nikianza kusema nitafika kwenye ile habari ya boti, na ile habari haisemwi watu wakiwa na soda mukononi. Sasa niko nyumbani, nina meza na kalamu, na nyinyi vijana munaofundisha mazoezi ya mwili nyuma yangu mumenituma mara tatu niandike. Basi naandika. Musitafute humu nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa ngapi. Kuna wenzangu wanaopenda kuyasimulia hayo, na wana muda.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vya visigino. Nilikuwa nimeitwa kufundisha Kifaransa. Pale pale mulangoni nikaambiwa kwamba mwalimu wa Kifaransa amekwisha kupatikana, anayekosekana ni mwalimu wa jimu, mazoezi ya mwili, kwa mabinti. Nilidhani wananitania. Kumbe mabinti hamsini walikuwa wamepangwa mustari uwanjani, ku jua, wanatazama visigino vyangu vikizama mu muchanga, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hiyo njo iliyoniuma zaidi. Nilivua viatu nikafundisha pekupeku. Nimefundisha pekupeku miaka yote iliyofuata, isipokuwa siku za inspekta.

Aliyenishika mukono ni Papa Kitenge, muzee mufupi aliyefundisha wavulana. Alikuwa na filimbi iliyofungwa ku kamba ya kiatu, na ndoo ya majivu ya kuchorea mistari ya uwanja, maana chokaa ilikuja mara moja kwa mwaka na ilikwenda kwanza kupaka kuta za prefe. Papa Kitenge aliniuliza ninajua muchezo gani. Nilisema nzango tu, ile niliyocheza utotoni kule Kiambi. Akasema basi tutafanya timu ya nzango.

Nzango munaijua, lakini huenda atasoma mutu asiyeijua. Ni muchezo wa wanawake. Timu mbili zinasimama zikitazamana. Anatoka mumoja huku na mumoja kule, wanaruka, wanapiga makofi, wanaimbiwa, kisha kwa mara moja kila mutu anatoa muguu mumoja mbele. Kabla ya kuanza munakubaliana: miguu ikikutana upande mumoja, alama ni ya timu hii, ikipishana, ni ya ile. Kwa hiyo kazi yote ni kumuficha mwenzako muguu utakaotoa, na kusoma wake. Wanaume wanasema ni kuruka-ruka tu. Waje wajaribu dakika tano, halafu tutaongea.

Mechi yetu ya kwanza tulipigwa vibaya. Papa Kitenge alinikuta pembeni nikiikodolea macho daftari ya alama. Akaiondoa mukononi mwangu.

"Mama Adela, watoto wamekunywa maji?"

"Bado, Papa."

"Basi hakuna matokeo. Wakunywe kwanza, timu zote mbili, ku ndoo moja. Halafu utasoma."

"Lakini wanajua wameshindwa."

"Wanajua, ndiyo. Lakini mutoto anayehema ukimuambia ameshindwa, ataamini kwamba ni yeye muzima ameshindwa. Mungoje apumue."

Nikashika hiyo desturi. Kila mahali nilipopeleka timu, nilipeleka ndoo ya bluu na vikombe viwili. Washindi na walioshindwa wanakunywa pamoja, wanapokezana vikombe, njo nasoma alama. Walimu wengine walinicheka, kisha wakaanza kunialika ku semina niwaeleze. Nilipata hotuba yangu kabisa, kuhusu kushinda na kushindwa: kwamba mechi inaisha lakini mutoto anaendelea. Niliisema vizuri. Watu walipiga makofi, na mimi nilirudi nyumbani najiona mwalimu.

Kabla sijafika ku boti, niwape kesi moja, mujue mutakutana na nini. Mwaka fulani, asubuhi ya mechi, niliwapanga mabinti nikague viatu. Nikaona chale ku kifundo cha muguu wa wa kwanza, chale tatu mbichi, zimepakwa kitu cheusi. Nikatazama wa pili, hivyo hivyo. Nikafika mwisho wa mustari: mabinti kumi na mumoja, miguu ishirini na miwili, yote imechanjwa. Nikauliza nani amefanya hii. Wakasema wazazi wengine walimuita muganga, ili miguu ya wapinzani ifungwe.

"Alitumia wembe ngapi?" nikauliza.

Wakatazamana. Kapiteni akasema, "Mumoja tu, Mama. Alisema dawa isigawanyike."

Wembe mumoja, watoto kumi na mumoja. Sikuchezesha mechi ile. Niliwapeleka wote kituo cha afya, kwa muguu, na wazazi wanatufuata nyuma wanalalamika kwamba nimewapokonya ushindi. Muzazi mumoja aliniambia wazi kwamba ni wivu, kwa sababu mimi sina binti mu timu. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale nashika kichwa. Nilijiuliza inakuwaje mutu anapenda alama za muchezo kuliko damu ya mutoto wake. Nilijiuliza hivyo kwa kiburi kikubwa, nikijua kwamba mimi siwezi kuwa mutu wa namna ile.

Sasa habari yenyewe. Ni miaka sita iliyopita. Tulikuwa na timu nzuri kuliko zote nilizopata kufundisha, tukafika fainali ya masomo ya jimbo, na fainali ilichezwa Moba. Kapiteni alikuwa Riziki, binti mwenye sauti. Lakini mwenye miguu alikuwa Mauwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mutoto wa mwanamuke anayeuza ndakala sokoni, hao samaki wadogo wakavu. Mauwa alikuwa hasemi sana. Alikuwa anamutazama mwenzake machoni, anatabasamu, na muguu wake unatoka usikodhani. Nilimupenda, sitaficha. Nililala nikiota kombe.

Kipindi cha pili, tukiongoza, Mauwa aliruka akatua vibaya ku muguu wa kushoto. Nilikuwa karibu, niliona kifundo kikijipinda. Alikuja pembeni akichechemea.

"Mama, muguu unauma."

"Unauma namna gani?"

"Unauma tu, Mama."

Nikatazama saa. "Zimebaki dakika kumi. Vumilia, binti yangu."

Akarudi. Sasa fikirini, nyinyi munaojua nzango. Mutu ambaye hawezi kusimama ku muguu wa kushoto atatoa muguu gani? Ni ule ule wa kushoto, kila mara, maana wa kulia njo unamubeba. Mabinti wa Moba walihitaji zamu tatu kuligundua. Baada ya hapo walimusoma Mauwa wanavyotaka. Mimi niliona wanavyomusoma. Nilikuwa na wabadala wawili wamekaa ku benchi, wazima. Sikumutoa, kwa sababu nilikuwa nangoja arudi kuwa yule Mauwa wangu. Tulishindwa kwa alama mbili.

Na siku ile sikutoa maji. Nilikaa ku benchi na daftari magotini. Mwalimu wa Moba, kijana ambaye mimi mwenyewe nilimufundisha ku semina, njo aliyechukua ndoo yangu ya bluu akawanywesha mabinti wangu.

Tulipanda boti ya mbao kurudi Kalemie. Ziwa likachafuka, nahodha akaogopa, tukajificha Mpala, njiani. Hapo tulikaa siku nzima, kutoka asubuhi mpaka jioni, tukingoja mawimbi yatulie. Muguu wa Mauwa ulikuwa umevimba. Niliufunga na kitambaa, nikajiambia umeteguka tu, Kalemie wataukanda. Alasiri nilipanda kilimani upande wa misioni, fasi ambapo simu inapata rezo, nimutumie prefe mesaji. Betri ilikuwa inakufa. Niliandika haraka, bila nukta wala mukato:

*Tumeshinda Mpala leo kesho asubuhi tunafika mutupokee bandarini na pikipiki muambie mama ya Mauwa*

Simu ikazima.

Isomeni tena polepole. Mimi nilisema tumekaa Mpala leo kutwa nzima, kesho tunafika, mulete pikipiki ya kumubeba mutoto, na mama yake ajulishwe. Huku kwetu kila alasiri tunasalimiana "Umeshinda aje?" na hakuna anayedhani anaulizwa habari za kombe. Lakini prefe alikuwa anangoja habari za kombe tangu siku mbili. Aliona neno la kwanza, akaruka ku kiti. Yaliyobaki aliyasoma akiwa amekwisha kufurahi.

Mutaniuliza kwa nini sikuandika kwamba tumeshindwa. Miaka mingi nimejibu ni betri. Hapana. Herufi zilikuwa zinatosha. Ni vidole njo vilivyokataa kuandika lile neno.

Kesho yake tukaingia bandarini saa tatu asubuhi. Kwa mbali niliona watu wengi, nikadhani kuna waziri anangojewa. Kisha nikasikia ngoma. Wamama walikuwa wamevaa vikwembe vya sare, watoto wa masomo wamepangwa, prefe yuko mbele na taji la maua. Na pikipiki. Niliomba pikipiki, wakaleta kumi na nne, zimefungwa majani mabichi ku taa.

Riziki alisimama mu boti. "Mama, wanaimba sisi tumeshinda."

"Nasikia."

"Tuwaambie nini?"

Mabinti wote walinigeukia. Mumoja alikuwa ameanza kulia. Mauwa alikuwa amekaa chini, muguu ameunyoosha juu ya mufuko wa mihogo, ananitazama.

"Munyamaze kwanza," nikasema. "Nitasema mwenyewe tukishuka."

Tukashuka, na sikusema. Nilipata nafasi ya kwanza prefe aliponikumbatia, analia kweli kweli, ananiambia nimelipa jina letu heshima. Nilipata ya pili aliponivika taji. Nilipata ya tatu wakati wanawapandisha mabinti ku pikipiki, mumoja mumoja. Kila mara nilifungua kinywa, na kila mara niliona nyuso za watu wale, nikaona aibu itakayonishika, nikajiambia ngoja tufike ku masomo, pametulia. Hakuna siku nimeogopa watu wenye furaha namna ile.

Walimuweka Mauwa ku pikipiki ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemutaja mu mesaji, wakadhani njo nyota ya mechi. Tulizunguka muji. Tulikwenda mpaka daraja la Lukuga, tukarudi, honi zikilia, watu wakitoka ku maduka. Mutoto alikuwa anapunga mukono. Muguu wake ulikuwa unaning'inia, na kila shimo la barabara nilimuona anainamisha kichwa. Nilikuwa ku pikipiki ya pili. Nilikuwa namuona vizuri kabisa.

Ku masomo ngoma zikapangwa uwanjani. Mama ya Mauwa alitoka katikati ya wamama wenzake, anacheka, anapiga vigelegele, mwanamuke ambaye sikuwahi kumuona anafunga meza yake ya sokoni kabla ya jioni. Akamushika binti yake mikono miwili.

"Njoo unionyeshe," akasema. "Unionyeshe vile uliwafanya."

Mauwa akanitazama. Alikuwa ananiuliza. Mimi mwalimu wake, mutu wa hotuba, niligeuza macho nikatazama ngoma.

Basi akacheza. Aliruka mara moja, makofi. Mara ya pili. Mara ya tatu alitua, na mimi niliyesimama hatua kumi nikasikia mufupa. Ngoma zilikuwa zinapigwa na bado nilisikia. Akaanguka bila kupiga kelele.

Hapo njo nilipata ulimi. Nilichukua kipaza sauti cha prefe. "Simamisheni ngoma. Hatukushinda. Tumeshindwa Moba, kwa alama mbili, na huyu mutoto ameumia tangu juzi."

Ngoma zikakatika. Prefe akatoa simu yake mufukoni, kama mutu anayetafuta kitambulisho mbele ya polisi. "Lakini Mama Adela, mesaji," akasema. Akasoma kwa sauti: "Tumeshinda Mpala."

"Ni kushinda kwa kukaa, Prefe. Tulikaa Mpala. Mechi haikuwa Mpala."

Mutu mumoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Niliwatazama watu, nikingoja hasira yao. Nilikuwa tayari kwa hasira, kwa sababu kwa hasira ningeweza kujitetea. Lakini mama ya Mauwa alikuwa amepiga magoti anafungua kile kitambaa changu, na kifundo cha binti yake kikaonekana, cheusi, kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Neno kushindwa hakulisikia hata kidogo. Alisikia lingine.

"Juzi?" akaniuliza. "Mama Adela, tangu juzi?"

Ku hospitali daktari alisema mufupa ulipasuka Moba, na ungeweza kupona vizuri kama mutoto angelazwa chini akaachwa. Ni kukanyaga na kuruka njo kulikouvunja kabisa. Ulifungwa, ukaunga vibaya. Mauwa anachechemea mpaka leo, na nzango hakucheza tena. Mama yake alipita mbele yangu mwaka muzima bila salamu. Halafu siku moja sokoni akanisalimu, akanipimia ndakala, akaniangalia, basi. Prefe alinisamehe siku ile ile, maana aliona aibu ya mesaji ni yake pia. Watu wa muji walifanya mesaji ile kuwa utani. Mpaka sasa timu ya mupira ikifungwa, vijana wanasema imeshinda Mpala. Nao wanacheka. Mimi sijaweza kucheka.

Ninyi munaobaki kazini, sikilizeni. Mutoto akisema anaumia, musimuulize namna gani. Mumutoe. Muwe na wabadala na muwatumie, hata kama hawachezi vizuri kama wale wa kwanza. Mukipoteza, andikeni neno lenyewe, mulitume kabla ya kula. Ile desturi ya maji ya Papa Kitenge muishike, lakini musidhani inatosha. Mimi niliishika miaka zaidi ya ishirini, na ilinitoka mukononi siku ile moja niliyokuwa na timu nzuri. Kushindwa na timu mbaya kulikuwa rahisi, kumbe hata sikuwa nimejaribiwa. Bado nashangaa. Nashangaa hasa kwamba wakati naitazama ile pikipiki ya kwanza nilikuwa, mahali fulani ndani yangu, nimefurahi.

Mauwa sasa ni mwalimu. Anafundisha mwaka wa pili wa primeri, ku majengo yale yale, ng'ambo ya uwanja. Siku niliyorudisha filimbi nilivuka uwanja nikaenda darasani kwake saa ya mapumziko. Miaka sita tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, na lile neno sikuwahi kulisema. Siku ile nililisema. Nilimuambia nilimuona anaumia Moba, nilimuona ku pikipiki, nilimuona ananiuliza kwa macho, na kwamba namuomba musamaha.

Alikuwa anafuta ubao. Aliweka kitambaa chini.

"Mama, nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini kuna kitu najiuliza. Kama tungeshinda Moba, na muguu wangu ungekuwa hivi hivi, leo ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Jibu lilikuwa limefika mudomoni, na nilisikia vile linavyonuka uongo.

"Hapana, Mauwa," nikamuambia. "Ningekuwa nakusimulia ku semina. Binti aliyecheza na mufupa umepasuka, akatuletea kombe. Watu wangepiga makofi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kwamba ndivyo alivyofikiri. Kengele ikalia, watoto wakaanza kuingia, na mimi nikawapisha mulangoni.